Nani Mwenzangu?

Nilikuwa na sifa moja pale Malaba, na ndiyo iliyoniponza: sikuwahi kumuuliza mtu jina lake kwenye simu. Mtu akisema "haloo" tu, nilikuwa nimeshamjua. Dereva wa Mombasa mwenye kifua, karani wa ghala la Kampala anayevuta maneno, mke wa ajenti wa jirani aliyekuwa akipiga kumsaka mumewe huku akijifanya mteja, wote niliwatambua kabla hawajamaliza salamu. Madereva walinitania kwamba masikio yangu yangefaa kuajiriwa na polisi. Nami nikavimba kichwa, kwa sababu sikuwa na sifa nyingine.

Hiyo ilikuwa katikati ya miaka ya tisini. Nilikuwa nimetoka kwetu Bukhayo na cheti cha kupiga taipu, nikaajiriwa kwenye ofisi ya kuklia mizigo. Kwa asiyejua mambo ya mpakani, lori likifika Malaba halivuki mpaka karatasi zake zipite forodhani, na mwenye mali yuko mbali, Mombasa au Kampala, hawezi kuja kusimama kwenye foleni. Basi anamtumia ajenti karatasi zake kwa faksi, naye ajenti anamtembezea. Ofisi yetu ilikuwa chumba kimoja cha mabati nyuma ya mstari wa malori, na ndani yake tulikuwa watu watatu: mwenye ofisi, mimi, na mwenzangu.

Mwenye ofisi tulimwita Mama. Alikuwa wa Adungosi, na kabla ya hapo alikuwa amefundisha darasa la tatu kwa miaka mingi. Sidhani kama aliwahi kutoka darasani. Juu ya simu alikuwa amebandika kadi ya manila iliyoandikwa kwa kalamu nene nyekundu, mwandiko wa ubaoni. Simu ifungwe kufuli ukitoka. Karatasi za kaboni zichomwe, zisitupwe. Disketi zisilale ofisini. Neno la siri lisiandikwe popote. Na chini kabisa, kwa herufi kubwa kuliko zote: ULIZA "NANI MWENZANGU?" USIPOKUWA NA HAKIKA, MWAMBIE UTAMPIGIA. Yaani mtu akipiga akitaka habari za mzigo, umuulize jina, ukate simu, utafute namba yake kwenye kitabu chetu cha wateja, halafu umpigie wewe. Hapo ndipo ufungue mdomo.

Tulimcheka, bila shaka, akiwa hayupo. Kaboni alizichoma kila Ijumaa kwenye jiko la makaa nje ya mlango, akayakoroga majivu kwa kijiti mpaka pasibaki hata herufi, na madereva wakipita walimuuliza leo amepika nini. Disketi alizifunga kwenye kitambaa cha kichwa, akazitia mkobani, akapanda baiskeli ya boda boda nazo mpaka Adungosi, na asubuhi akarudi nazo vivyo hivyo. Kompyuta yenyewe, ambayo mtaa wetu mzima walikuja kuitazama ilipofika, aliifunika kwa kitambaa cha kufuma chenye maua kama vile vya kufunikia makochi.

Nilitii kila kitu isipokuwa lile la chini. "Nani mwenzangu" nililiona neno la watu wa mjini wanaoogopa kila mtu. Kwetu mtu akipiga hodi ukauliza ni nani, anajibu "ni mimi", na hapo maswali yamekwisha. Ukirudia kumuuliza wewe nani, umemwambia kwamba amekutoka akilini, kwamba hata angekufa usingejua. Nyanya yangu alinuniwa na shemeji yake mwaka mzima kwa sababu ya swali hilo moja lililopita kwenye mlango uliofungwa. Simu ilipotufikia tukaipa desturi ile ile. Mtu anapiga kutoka mbali, laini inakwaruza, anasema "ni mimi", kisha anangoja. Ukimtambua anafurahi kama umempikia kuku. Usipomtambua anasema, "Aii, kwani umenisahau?" na sauti yake inashuka. Nilikuwa siwezi kuvumilia ile sauti ikishuka.

Mwenzangu hakuwa na tatizo hilo kwa sababu simu hakuigusa kabisa. Yeye alikuwa mtu wa kompyuta. Alikuwa Mteso wa Chakol, mwanamume wa makamo, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi nyuma ya kichwa, nami nilimwita mzee ingawa hakuwa mzee hasa. Yeye aliniita dada. Alijifunza taipu kwa watu wa misheni, na kompyuta alijifunza mwenyewe kwa kusoma kile kitabu chake kinene ambacho wengine wote walikitumia kuegemezea mlango. Barua zetu zote aliziandika yeye, na kila moja aliifunga kwa salamu aliyoibuni mwenyewe: "Tunabaki wako katika njia iliyonyooka." Mama alimwambia hiyo si salamu ya biashara, ni ya kanisani. Alitabasamu, akaendelea nayo.

Mfuko wake wa koti ulikuwa na njugu siku zote. Asubuhi, hata kabla ya kunisalimia, aliniwekea chache kwenye kona ya meza yangu. Na shingoni, chini ya shati, pamoja na rozari, alivaa ufunguo uliofungwa kwa kamba. Alikuwa katibu wa kigango chao, kanisa dogo la kijijini, na ule ulikuwa ufunguo wa kabati la vitabu vya ubatizo. Akifikiri jambo gumu alikuwa akiugusa kupitia shati. Aliwahi kuniambia kwamba kazi hii ya Malaba mtu yeyote anaweza kupewa, lakini ufunguo ule huombi, unaletewa.

Neno la siri la kompyuta walilijua wawili, Mama na yeye. Mimi sikuambiwa, na iliniuma. Dunia nzima ilipita sikioni mwangu, halafu chombo kikifunguliwa naambiwa nitazame pembeni.

Siku moja mwenzangu alifiwa na mama mkwe, ng'ambo, upande wa Tororo. Siku hiyo hiyo Mama alikuwa na shughuli Busia tangu asubuhi hadi jioni. Na kulikuwa na lori la mafuta ya kupikia lililotarajiwa kufika wakati wowote, karatasi zake ziko tayari ndani ya kompyuta, zinangoja tu kutolewa. Mwenzangu alipitia ofisini akiwa tayari amevaa suti ya msiba, akasimama mlangoni akiugusa ufunguo wake.

"Dada, hiyo lori ikikuja kama sisi hatuko, itakaa hapa mpaka kesho," alisema. "Nikuambie ile neno ya siri, utaweza kuprint?"

"Nitaweza, mzee."

"Usiandike mahali. Na Mama asijue nimekuambia. Atanikula mzima."

Akainama, akaninong'oneza ingawa tulikuwa peke yetu. "Emaido." Ni Kiteso, maana yake njugu.

"Ni hiyo tu?" nilisema. "Kumbe kila asubuhi nimekuwa nikiitafuna siri yenu!"

Alicheka mpaka akavua miwani, mtu anayekwenda mazishini. Huko ndiko kucheka kwake ninakokukumbuka vizuri zaidi. Kisha akaenda zake kuvuka mpaka.

Saa nne hivi simu ikalia.

"Haloo! Ni mimi!"

Sauti ya mwanamume, changamfu, yenye lafudhi iliyochanganyika kama zilivyo nyingi za mpakani. Sikuijua. Lakini nikajibu kama nilivyozoea: "Ooh! Habari ya siku mingi?"

"Mzuri, dada. Umepotea wewe!"

"Wewe ndio umepotea."

"Aii. Kwani umenijua kweli, ama unasema tu?"

Sauti ikaanza kushuka. Nikapekua kichwani haraka haraka, kama mtu anayetafuta kiberiti gizani, na mkono ukaangukia mtu mmoja: fundi wa kompyuta wa Kisumu, aliyewahi kuja mara mbili kututengenezea, na ambaye nilikuwa sijamsikia kwa muda mrefu.

"Nisikujue aje?" nikasema. "Si wewe ni fundi wetu wa kompyuta, wa Kisumu!"

Kukawa na kimya kidogo. Kile kimya nimekirudia kichwani mara zisizohesabika. Mtu yule hakuwa ameniambia uongo wowote hadi pale. Alisema ni yeye, na kweli alikuwa yeye. Jina nilimpa mimi, kwa mikono miwili, kama mtu anayekaribisha mgeni kiti.

"Ndio mimi!" akasema, akacheka. "Hiyo masikio yako, dada, watu wanasema tu ukweli."

Hapo ningejiuliza ni watu gani waliomsimulia habari za masikio yangu. Badala yake nilitabasamu peke yangu pale ofisini.

Akaniambia kuna virusi imetoka upande wa Kampala, inatembea na disketi, ikiingia kwa kompyuta inakula kila kitu, na kwamba ofisi mbili hapo hapo Malaba imeshazimaliza. Nilikuwa nimesikia habari za virusi, kila mtu alikuwa amesikia, na hakuna aliyejua ni mdudu wa namna gani. Akasema ana mtu wake aliyeko Malaba leo, atapita aisafishe yetu bure kwa sababu sisi ni watu wake.

"Ile neno ya siri bado ni ya zamani?"

Ningesema sijui. Hata asubuhi ya jana yake ningekuwa kweli sijui, na ofisi ingepona. Lakini neno lilikuwa limenifikia saa mbili tu zilizopita, na lilikuwa likiniwasha ulimi.

"Bado ni emaido," nikasema, kwa sauti ya mtu aliyekuwa akilijua siku zote.

Mtu wake alifika kabla hata ya nusu saa, shati safi, kisanduku cha disketi kwapani. Nilikiondoa kile kitambaa cha maua mwenyewe. Nilimwagizia chai na mandazi. Alipoandika neno la siri nilitazama pembeni, kwa heshima, kama nilivyofundishwa. Alikaa karibu saa nzima, disketi moja inatoka nyingine inaingia, mashine ikikereza, kisha akafunika kitambaa vizuri kuliko nilivyokikuta, akaniambia, "Imepona, dada." Alasiri lori la mafuta likaja, nikatoa karatasi zake, likavuka. Nilifunga ofisi siku ile nikijiona mimi ndiye mwenye ofisi.

Sikumwambia mtu. Nikimwambia Mama kwamba fundi alikuja, ataniuliza kompyuta ilifunguliwaje, na mwenzangu ataliwa mzima kama alivyosema. Nikimwambia mwenzangu, ataniuliza tangu lini fundi akapiga simu bila kumtafuta yeye. Basi nikajiambia ninanyamaza kwa ajili yake. Huo ulikuwa uongo, na mtu wa kwanza kudanganywa nao nilikuwa mimi mwenyewe.

Wiki kama tatu zikapita. Siku moja Mama akapokea simu ya mteja wetu wa Kampala, mtu wa kwanza kabisa aliyemwamini alipofungua ofisi, akiuliza tumehamia jengo gani. Mama akamwambia hatujahama. Yule akasema, basi nitakutumia barua yako uisome. Faksi ikaanza kulia, karatasi ikatoka pole pole, tumesimama wote watatu tukiitazama. Ilikuwa na kichwa cha barua zetu. Ilikuwa na namba ya faili ya mteja, namba ya lori lake, jina la dereva wake. Ilisema tumehamia ofisi mpya na kuanzia sasa hati zote zitumwe kwa namba nyingine ya faksi. Na mwisho wake: "Tunabaki wako katika njia iliyonyooka."

Wateja wote walikuwa wameipata. Wengi walikuwa wameshatuma hati zao kwenye namba ile, na mizigo yao ilikuwa imeshikwa na watu tusiowajua. Wachache walirudi kwetu. Wengine walisema, na siwalaumu, kwamba ofisi isiyoweza kutunza karatasi zake haiwezi kutunza lori la mtu.

Mama aliisoma ile barua kwa sauti, neno kwa neno, kama insha ya mwanafunzi. Alipofika kwenye salamu akaiweka mezani mbele ya mwenzangu.

"Haya ni maneno ya nani?"

"Ni yangu, Mama. Lakini hii barua mimi sikuandika."

"Mtu ataandika kama wewe bila kufungua mashine? Neno la siri linajulikana na nani?"

Aliugusa ufunguo wake kupitia shati. Hakunitazama, na kule kutonitazama ndiko kulikonionyesha kwamba alikuwa ananifikiria mimi.

"Ni sisi wawili tu, Mama."

"Hujamwambia mtu?"

"Sijaambia mtu."

Nilikuwa nimeshika stepla. Niliibana karatasi moja mara tatu, nikaitazama, nikaibana tena. Bado sikuwa na hakika, nilijiambia. Fundi ni fundi. Huenda barua ilitoka mahali pengine.

"Kikulacho ki nguoni mwako," Mama akasema, bila kupaza sauti. Mwenzangu akafungua droo yake, akatoa miwani ya akiba, kitabu cha nyimbo na kalamu mbili, akatoka. Mama aligeukia ukuta wenye ile kadi ya manila, akalia hapo amesimama, mwanamke ambaye sikuwahi hata kumwona akipiga chafya mbele ya watu. Kwenye kona ya meza yangu kulikuwa na njugu za asubuhi, sijazigusa.

Wiki iliyofuata Mama alimwita fundi wa Kisumu abadilishe neno la siri. Alipofungua mdomo kusalimia tu, nikajua. Sauti yake ilikuwa nzito, ya taratibu, Mjaluo aliyekuwa akilipima kila neno. Hata kuku angezitofautisha zile sauti mbili. Nilingoja Mama atoke nje kwenye jiko lake la kaboni, nikamuuliza kama mwezi uliopita alitutumia mtu.

"Mtu gani? Mimi nafanya peke yangu," alisema. "Na kabla ya leo, Malaba sijakanyaga tangu mwaka jana."

Kisha akaipindua kibodi, akaigongagonga, na maganda mekundu ya njugu yakaanguka mezani. Akayapangusa kwa kiganja. Mama aliporudi alisema kuanzia leo nitakaa kwenye kompyuta mimi, na neno jipya nitalijua mimi na yeye. Nikahamia kwenye kile kiti. Ningeweza kusema saa ile, sasa nikiwa na hakika yote niliyodai kuingoja. Nilikaa, nikavuta kiti mbele.

Ilinichukua miezi miwili kwenda Chakol. Nilikwenda siku ya soko, nikauliza njia, nikamkuta mwenzangu uani anaanika mihogo. Mkewe alinipokea kwa furaha, akaniwekea kiti, akaenda kuchemsha chai. Mwenzangu alikuwa na shati lililofunguliwa vifungo vya juu, na shingoni niliona rozari peke yake. Aliona ninakotazama.

"Walikuja wazee watatu wa kanisa," alisema. "Hawakunifukuza. Walisema tu nipumzike kidogo, maneno ipoe. Nikawapatia ufunguo."

Nikamwambia yote. Ni mimi, ile simu, yule mtu, chai na mandazi. Alisikiliza akiendelea kugeuza mihogo.

"Nilijua ni wewe, dada," akasema. "Hiyo neno ilikuwa kwa watu watatu. Mama si yeye. Mimi si mimi."

"Sasa mbona hukusema?"

"Nikisema nimekupatia, tungeenda wawili. Nilifikiria wewe utasema mwenyewe." Akaokota muhogo ulioanguka. "Bado unaweza. Kazi siitaki tena. Nataka tu Mama aambie watu si mimi."

Nikamwahidi nitamwambia Mama kabla wiki haijaisha. Nilikunywa chai ya mkewe, nikasindikizwa hadi barabarani. Jumatatu Mama alikuwa na homa. Jumanne kulikuwa na malori mengi. Wiki ikaisha, ikaja nyingine, na kadiri siku zilivyopita ndivyo ilivyokuwa lazima nieleze pia kwa nini sikusema jana. Niliogopa kukipoteza kile kiti. Ningependa kuwa na sababu nzuri zaidi ya kuandika hapa, lakini sina.

Nilichofanya badala yake ni kuwa mkali. Nikaitii kadi ya manila kuliko Mama mwenyewe. Kila aliyepiga nilimuuliza, "Nani mwenzangu?" Wateja wa miaka mingi, madereva niliowajua watoto wao, hata Mama akipiga kutoka Busia. Taja jina, nitakupigia. Madereva walisema masikio yangu yamezibwa. Sauti zilishuka, nikaziacha zishuke. Mama alinisifu mbele ya watu, nami nikajiona ninatubu.

Mwaka uliofuata, asubuhi moja yenye kazi nyingi, simu ikalia. Upande wa pili kulikuwa na kelele za soko na laini ilikuwa mbovu.

"Haloo, dada. Ni mimi."

Je, nilimtambua? Nimejiuliza hilo zaidi ya maswali mengine yote ya maisha yangu. Nadhani masikio yalimtambua. Lakini mdomo ulikuwa umeshazoea, ukatangulia.

"Nani mwenzangu?"

Nikasikia mtu akipumua, na mtu mwingine karibu naye akiuliza kitu.

"Mwenzako?" akasema, pole pole, kana kwamba ni mara ya kwanza kulisikia neno hilo.

"Taja jina na namba, nitakupigia," nikasema. Na laini ikakatika.

Nilikaa nimeshika mkono wa simu. Nikafungua kitabu cha wateja kwa mazoea tu, nikijua hayumo. Kule Chakol mwenzangu hakuwa na simu nyumbani, wala hakuna jirani yake aliyekuwa nayo. Nikaurudisha mkono mahali pake na, kwa kuwa nilikuwa nikitoka kwenda forodhani, nikaifunga simu kwa kufuli kama kadi ilivyosema.

Kwa nini alipiga, nilikuja kujua sokoni Adungosi, kutoka kwa mkewe. Alikuwa ameketi nyuma ya gunia la njugu, akaniita kabla sijamwona. Aliniuliza habari za kazi, habari za kwetu Bukhayo, kisha akanieleza kwa sauti ile ile ya kupitisha habari. Kulikuwa na shule iliyotaka mpiga taipu. Mwalimu mkuu alikuwa amesikia maneno ya Malaba, lakini alimpenda mumewe, akamwambia akipata mtu mmoja tu wa ofisi ile wa kusema si yeye, kazi ni yake. Wakaenda pamoja mpaka kwenye kibanda cha simu. Mumewe alikuwa amepanga kunisalimia kwanza, halafu ampe mwalimu mkuu simu anisikie mwenyewe.

"Walikuwa wameweka sikio pamoja hivi," alisema, akakutanisha viganja vyake viwili. "Ikakatika. Mwalimu mkuu akamwambia, mzee, hata hao wenzako hawakujui."

Jumatatu iliyofuata nilimwambia Mama kila kitu. Alisikiliza hadi mwisho, akaniuliza, "Kwa nini leo?" kisha akachukua mkoba wake akapanda baiskeli kwenda Chakol. Nilikuwa nimeshakusanya vitu vyangu kabla hajarudi. Lakini shule ilikuwa na mpiga taipu mwingine, na kigangoni ufunguo ulikuwa shingoni mwa katibu mwingine, kijana mzuri ambaye hakuna aliyekuwa na sababu ya kumnyang'anya.

Siku ile sokoni, hata hivyo, nilikuwa bado sijafanya lolote la maana. Nilisimama mbele ya gunia, nikamwambia mkewe jambo la kwanza lililonijia, kwamba laini ilikuwa mbaya, kwamba sikumjua.

"Hata mimi nilimwambia hivyo, labda hakukujua," alisema. "Akakataa. Akasema masikio ya dada hayasahau mtu."

Kisha akanipimia kikopo kimoja cha njugu nilichokuwa nimemwomba, akakijaza hadi kikaota kichuguu, akakimimina kwenye karatasi. Akachota tena kwa mkono, akaniongezea kiganja kimoja, kama alivyomwongezea kila mtu.